Mtazame meneja kwanza, kocha baadaye

Mzazi mwenzangu uliyeko Kanada, mwanao akiimudu hoki ya barafuni na umri ukisogea miaka kumi na minne, simu za klabu zitaanza kuingia. Wangu amezipitia klabu za vijana huku magharibi, na kila anayeniuliza namwambia: usianze na kocha, anza na meneja mkuu.

Kocha utamwona kila mechi. Lakini anayemsajili mtoto na anayeweza kumhamishia klabu nyingine katikati ya msimu ni meneja. Dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa Januari, wakati huohuo shule zina mitihani. Sisi tulipigiwa simu hiyo: kijana anatakiwa mji mwingine, aondoke upesi. Aliyepiga hakuuliza neno lolote kuhusu masomo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ndiyo maana naifuatilia Lloyd Saunders Memorial Trophy, tuzo ambayo WHL, ligi ya vijana ya huku magharibi, humpa kiongozi bora wa klabu kila mwaka tangu msimu wa 1988–89. Ontario nako, ligi ya vijana ya huko, OHL, ina tuzo ya meneja mkuu bora yenye jina la Jim Gregory, aliyewahi kuwa meneja wa Toronto Maple Leafs, klabu ya ligi kuu ya NHL. Wazazi wengi huipita habari hiyo wakikimbilia wafungaji wa mabao. Isome. Peter Anholt wa Lethbridge Hurricanes aliipata tuzo ya WHL 2016, klabu yake ilipotoka mkiani hadi kileleni mwa kundi lake, na hiyo ni klabu ya wanajamii, haina tajiri mmoja anayeimiliki. Kelly McCrimmon wa Brandon Wheat Kings aliipata zaidi ya mara moja. Alidumu Brandon miaka mingi kabla ya kwenda Vegas Golden Knights, waliotwaa Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, 2023. Kudumu huko ndiko ninakokutafuta. Mtoto wa miaka 16 anayekwenda kuishi kwa familia asiyoijua anahitaji aliyemwahidi awe bado yupo ofisini.

Tuzo pekee haitoshi, kwa hiyo muulize meneja mwenyewe. Nani anafuatilia masomo? Familia mwenyeji naweza kuitembelea kabla? Akihamishwa, mitihani yake itakuwaje? WHL hugharimia mwaka mmoja wa masomo ya chuo, ada na vitabu, kwa kila msimu kijana aliocheza. Omba masharti kwa maandishi, hasa muda wa mwisho wa kuanza kuutumia msaada huo. Na asikutishe mtu kwamba vyuo vya Marekani vitamfungia mlango: tangu Agosti 2025 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo, inawapokea waliocheza ligi hizi.

Maswali hayo yaulize mwanao akiwepo, kabla ya kusaini chochote. Meneja akikutajia mwalimu anayehusika na akakukutanisha na familia mwenyeji, endelea naye. Akikujibu tu kwamba watamtunza vizuri, omba muda, kisha mtafute mzazi ambaye mtoto wake alihamishwa kutoka klabu hiyo.