Mnauliza: usingizi, hasira na jiko la chumbani

Shikamoo dada. Nauza mitumba Mwanjelwa. Nina mikopo miwili, mmoja ni wa kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Kila usiku saa nane nashtuka, napiga hesabu mpaka jogoo anawika. Nifanyeje nilale?

Marahaba mdogo wangu. Hesabu hizo zihamishie jioni. Ukishafunga kibanda, chukua daftari uandike unadaiwa na nani, kiasi gani, tarehe ngapi, na kesho utafanya jambo gani moja kuhusu deni hilo. Moja tu. Ukishtuka usiku, kazi hiyo ilishafanyika jioni, imo daftarini.

Usishike simu kutazama saa. Lala chali, mkono mmoja tumboni. Vuta hewa puani ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, uusikie mkono ukishuka na tumbo. Endelea hivyo kama dakika tano. Siri iko kwenye kutoa pumzi: ukiirefusha, mapigo ya moyo yanapungua kasi na mwili unaacha kujiandaa kwa vita. Ukiona usingizi umegoma kabisa, usigaragare. Inuka, jifunge blanketi, kunja nguo za watoto kwenye mwanga hafifu, urudi kitandani macho yakianza kuwa mazito.

Ila pumzi hailipi deni. Mtafute mtu anayejua hesabu mkausome pamoja mkataba wa huyo wa kausha damu, riba na tarehe zake. Uliza pia kama ana leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Na kama baba watoto hajui, mwambie. Nahisi nusu ya huko kushtuka ni kuficha.

Dada, nimepanga chumba Njombe. Kwa baridi hii naingiza jiko la mkaa, nalala nalo. Asubuhi kichwa kizito, kizunguzungu, natamani kutapika. Rafiki yangu anasema ni stresi za kazi.

Toa hilo jiko leo, kabla hujamaliza kusoma. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na watu hulala nayo wasiamke. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Ukijisikia hivyo tena, toka nje upate hewa safi, kisha nenda hospitali ukawaeleze habari ya jiko, maana wasipojua wanaweza kukutibu malaria.

Baridi ya Njombe mwezi wa saba naijua. Vaa soksi na sweta kitandani, ongeza blanketi, jaza maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri, uiviringishe taulo na kuiweka miguuni. Stresi tutaizungumza ukishakuwa salama.

Mambo dada. Naendesha bajaji Kabwe hadi Uyole. Malori ya Tunduma, abiria wasio na chenji, trafiki… nikifika nyumbani nawafokea watoto bila kosa. Wenzangu wanasema nipige bia mbili kwanza.

Poa kaka. Bia itakulaza haraka, kisha itakukatia usingizi usiku wa manane, na kesho barabarani utakuwa mkali zaidi. Hao wenzako wanakutafutia kampani tu.

Ukifika, zima injini na ubaki kwenye kiti. Pandisha mabega hadi masikioni, yakaze kwa sekunde tano, yaachie. Kunja ngumi, achia. Kaza taya, achia. Msuli uliokazwa ukiachiwa hulegea kuliko mwanzo, na hapo ndipo utagundua umeendesha kutwa nzima umeng'ata meno. Kisha tembea. Kazi yako ni ya kukaa, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatimiza. Mlima wa kuelekea Loleza nao ni bure.

Nakunywa chai ya rangi nzito vikombe vitatu baada ya chakula cha usiku, nakosa usingizi. Niko Tukuyu.

Ukiwa Tukuyu chai huwezi kuikwepa, lakini kafeini yake hukaa mwilini kwa saa nyingi. Kikombe cha mwisho kiwe cha saa nane mchana. Usiku chemsha mchaichai.

Shikamoo. Niko kidato cha nne, Iringa. Wiki ya tatu sasa sili vizuri, nalia bila sababu, hata mpira sitaki. Mama anasema nisali, itapita.

Marahaba mwanangu. Sali, na uende hospitali. Hali hiyo ikizidi wiki mbili inahitaji mtaalamu, kama homa isiyoshuka. Mwambie mwalimu unayemwamini, au mama akupeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa, muulizie huduma ya afya ya akili. Likikujia wazo la kujidhuru, usingoje kukuche. Mwamshe mtu mzima usiku huohuo.

Na mama ukisoma hapa, mpeleke. Daktari akitaka kuzungumza naye peke yake, msubiri kwenye benchi.