Re: Miraa usiku kucha, asubuhi nasikia naitwa jina nikianza kusinzia

Hujalogwa bro, relax. Miraa ina kathinoni, kemikali ya kuchangamsha inayofanya kazi kama amfetamini (dawa ya kuamsha mwili) ila nguvu yake ni ndogo, inaachilia dopamini kwa ubongo ndio maana saa tisa usiku bado mko kwa maskani na handas (stimu ya miraa) mnapanga biashara za mamilioni. Sasa usingizi haujaenda popote, deni linazidi kujaa tu, stimu ikiisha ubongo unakimbilia ndoto kabla hujalala vizuri, hapo ndio unasikia mtu anakuita na hakuna mtu. Hiyo huwapata hata wasiotafuna, hasa mtu akiwa amechoka sana.

Kathinoni huharibika jani likikauka, ndio wanafunga na majani ya mgomba na magari ya kutoka Maua, kule Meru miraa inakolimwa, yanakimbia vile yanakimbia, so ukitafuna kangeta (aina ya miraa) fresh kabisa saa nne usiku ulitarajia kulala saa ngapi? Anza mchana, jioni uachane nayo. Na usishushe na pombe ama vidonge vya usingizi, hapo watu huumia vibaya. Lakini zile sauti zikija ukiwa macho kabisa mchana, wacha miraa na uone daktari wiki hii hii.