MEWAKA au digrii? Jibu refu kwa mwalimu mgeni kazini

Kwa wanaoingia sasa, swali la mleta mada ni hili: ana stashahada, ana mwaka na miezi kadhaa kazini katika shule ya msingi ya kijijini, Afisa Elimu Kata kawaagiza wakae MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kila wiki, posho hakuna, na yeye anaona heri muda huo aanze digrii. Wachangiaji wa juu karibu wote wamemjibu kwamba MEWAKA ni usanii, akasome. Nimesoma nikataka kupita kimya, nikashindwa. Mdogo wangu, mimi nimepitia njia zote mbili, na zote mbili nilizianza vibaya.

Niliingia chuo cha ualimu 2004, enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, watoto wamejaa hadi milangoni, walimu hawatoshi. Kwa hiyo sisi wa Daraja A, yaani wa cheti cha ualimu, tulisoma mwaka mmoja chuoni, wa pili tukapelekwa shuleni kufundisha huku tungali wanachuo. Mimi niliangukia shule moja huku Tabora, nikakabidhiwa kwa mwalimu mlezi ambaye alikuwa mzee wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana wengi hapa mnawacheka walimu wa UPE. Wale walichukuliwa baada ya Azimio la Musoma la 1974, wengi wao wamemaliza darasa la saba tu, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wanafundisha. Basi huyo mzee hati yake ubaoni ungedhani imechapwa, na kelele hakuwa nazo.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Anaingia darasani kwangu, anakaa dawati la nyuma kabisa na daftari lake, haandiki chochote. Nikajua ananichunguza ili akaniseme. Siku ya tatu tukitoka akaniuliza, "Mwalimu, yule mtoto wa dirishani mwenye sweta la kijani, leo kajifunza nini?" Nikamwambia hesabu za sehemu, ndiyo mada ya leo. Akasema, "Hiyo ni uliyofundisha wewe. Nakuuliza yeye kajifunza nini." Sikuwa na jibu. Kwa kiburi cha ujana nikaona mzee kaishiwa hoja. Ilinichukua miaka zaidi ya kumi kurudi kwenye lile swali.

Hapo katikati ilikuwa ni zama za semina. Wakongwe mnazijua: unaitwa mjini, ukumbi una feni, unapewa daftari, kalamu, begi la kitambaa lenye maandishi ya mradi, siku tano, posho, nauli, kwaheri. Sitasema zote zilikuwa bure. Ya 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), ilinifungua macho. Mimi nilikuwa mtu wa kuimbisha "ba be bi bo bu" mpaka watoto wanakariri ukuta mzima, halafu ukimwonyesha "be" peke yake mtoto anaanza kuimba tangu "ba" ili aifikie. Pale ndipo niliposhika namna ya kuanza na sauti ya herufi, kisha kuunganisha sauti na sauti. Shida ni kwamba aliyeitwa ni mimi peke yangu, nikaambiwa nikirudi niwafundishe wenzangu. Nikawafundisha saa moja ofisini, mchana, watu wana njaa. Mafunzo ya aina ile ni kama ndoo ya maji kichwani mwa mtoto wa darasa la pili: inaanza kisimani imejaa, ikifika shuleni nusu imemwagikia njiani, na huyo wa mwisho anaambiwa anywe aache kulalamika.

Sasa MEWAKA. Wazo lake ni kwamba mafunzo yahamie shuleni: walimu wa shule moja wanakaa katika jumuiya ya kujifunza, wanaita JzK, wanashughulikia tatizo la darasa lao wenyewe. Kisha kuna kukutana na shule jirani kwenye kituo cha walimu, na kuna moduli za Taasisi ya Elimu ambazo unajisomea kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Kwenye karatasi limekaa vizuri.

Kwetu mwaka wa kwanza ulikuwa usanii, nawaunga mkono mnaosema hivyo. Tuliandika mihtasari ya vikao ambavyo havikukaa. Mratibu anapita na daftari la mahudhurio, watu wanasaini ya wiki tatu kwa mkupuo, mmoja akasaini hadi siku aliyokuwa msibani. Mgeni akija anaonyeshwa faili, anasifu, anasaini kitabu cha wageni. Na ile siku tuliyokaa kweli, mtu alisoma moduli kwa sauti mwanzo hadi mwisho kama risala. Nilisinzia.

Kilichobadilisha ni hesabu ya darasa la tatu. Madam mmoja aliyehamia kwetu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alileta madaftari ya watoto kwenye kikao badala ya moduli. 52 kutoa 27. Zaidi ya nusu ya darasa wameandika 35. Darasa lilikuwa langu. Nikaona aibu, nikajitetea: watoto hawasikilizi, wako mia na kumi na mbili, wengine wanakuja na njaa. Yote kweli. Yeye akasema taratibu, "Shikamoo kwanza kaka, sijakuja kukusema. Lakini angalia, wote wamekosea kwa namna moja. Wangekuwa hawasikilizi, wangekosea kila mtu kivyake." Tukaangalia. Kweli: 5 toa 2 ni 3. Upande wa mamoja, 2 haitoi 7, basi wamegeuza, 7 toa 2 ni 5. Thelathini na tano. Watoto walikuwa na kanuni yao, wanaifuata kwa uaminifu kabisa: siku zote toa kidogo kwenye kikubwa. Na aliyewapa hiyo kanuni ni mimi. Darasa la pili niliwaambia kwa mdomo wangu, "kubwa haliwezi kutoka kwenye dogo."

Wiki iliyofuata nikamwomba aingie darasani kwangu. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wangu. Madam alikaa dawati la nyuma, tofauti ni kwamba yeye aliandika. Nilipotoka akanisomea: umeuliza "Tumeelewa?" mara kumi na moja, na mara kumi na moja wameitikia "Ndiyooo mwalimu". Maswali yako mengi umewauliza madawati matatu ya mbele. Umefanya mfano ubaoni mara nne, wao hawajashika kitu hata mara moja. Hakuongeza neno "vibaya" wala "vizuri". Mwalimu yeyote aliyewahi kupimwa na mtu mwenye fomu anajua tofauti yake. Mthibiti ubora anaangalia kwanza kama andalio la somo lipo na limesainiwa, ndiyo kazi yake, simlaumu. Huyu alikuwa anaangalia watoto.

Tukapanga pamoja. Vijiti vya mtama, mafungu ya kumi yamefungwa kwa kamba za mgomba, na vijiti vya mmojammoja. Mtoto ana mafungu matano na vijiti viwili, anatakiwa atoe saba. Havitoshi. Muache ahangaike kidogo, usimwokoe. Mmoja akafungua fungu bila kuambiwa, akapata kumi na viwili mkononi, akatoa saba, akaanza kupiga kelele kwamba kapata tano. Kuhusu wengine 111 sitadanganya kwamba walielewa siku hiyo. Ilichukua kama wiki mbili, na wapo ambao hadi mwisho wa muhula walikuwa wanaandika 35. Lakini kuanzia hapo JzK yetu ikawa na uhai, kwa sababu kila mtu alikuwa na "35" yake ya kuleta.

Nikuambie tulichorekebisha, labda kitakusaidia kuwashawishi wenzako. Tuliacha kukaa saa tisa alasiri watu wakiwa wamechoka. Tunakaa saa ya mapumziko marefu siku ya Jumatano, dakika arobaini na tano, wanafunzi wakubwa wanasimamia wadogo. Tatizo moja tu kwa kikao, na lazima lije na ushahidi: madaftari, siyo maneno. Mtu aliyefundisha anaongea kwanza kabla ya waliomwangalia. Mwalimu Mkuu anakaa kama mjumbe. Hili la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, maana wakubwa wetu wengi wakiona kikao wanaona kiti cha mbele. Wetu tulimpata siku alipokubali naye aangaliwe akifundisha Uraia. Kuhusu moduli za mtandaoni, huku mtandao uko juu ya kichuguu nyuma ya vyoo tu, kwa hiyo tunapokezana: mwenye bando anaipakua, tunasoma nyumbani, kikaoni hatusomi tena. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 na darasa la tatu likawamo, hatukusubiri kuitwa mjini ndipo tuanze kuuchambua.

Nije kwenye digrii, maana sitaki uone nakukataza. Mshahara ni mshahara. Wa stashahada anaanzia ngazi ya mshahara ya TGTS C, wa shahada TGTS D, na hiyo tofauti inaonekana dukani. Kasome. Ila usirudie kosa langu. Mimi nilianza stashahada kwa pesa yangu, likizo kwa likizo, nikaona kwa kuwa sijaacha kipindi hata kimoja, barua ya nini. Nilipomaliza nikapeleka cheti nibadilishiwe muundo, yaani nihamishiwe ngazi ya stashahada. Ofisi ikauliza: ruhusa ya mwajiri iko wapi? Sina. Nikazungushwa karibu miaka miwili, na siwezi hata kuwalaumu sana kwa sababu utaratibu ulikuwapo, mimi ndiye sikuuliza. Kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa ipite kwa Mwalimu Mkuu hadi kwa Mkurugenzi kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza, jibu lije kwa maandishi, nakala ubaki nayo nyumbani, siyo ofisini. Na uliza mapema kama kozi unayotaka ina nafasi kwenye muundo wa kada yako. Kuna mwenzetu ana shahada nzuri ya mambo ya biashara na bado analipwa kwa cheti cha ualimu.

Mchangiaji mmoja ameuliza kuhusu leseni. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ni ya 2018, na lengo ni mwalimu asajiliwe na awe na leseni kama daktari au mwanasheria. Ushauri wangu hapo ni mfupi: kumbukumbu za mafunzo yako uzitunze mwenyewe. Mimi nina daftari gumu la mistari, kila somo nililoangaliwa nimeandika tarehe, mada na nilichobadilisha.

Unaona kwamba sijakuambia uchague. Digrii niliimaliza Chuo Kikuu Huria nikiwa na miaka arobaini na kitu, na ilinipa mshahara, heshima ukweni na maarifa ya kutosha kuhusu nadharia. Somo hata moja halikunifikisha kwenye ile 35. Aliyenifikisha ni Madam na rundo la madaftari yaliyochafuka udongo, bila posho. Wewe una mwaka mmoja kazini, una miaka thelathini na zaidi mbele yako. Mimi nilipoteza kumi ya mwanzo nikimwona mzee wa watu kuwa mpelelezi.

Kama kwenu hamna fomu ya kuangaliana somo, yetu ni ukurasa mmoja wa kuandika kwa mkono, hatukuichukua kokote. Nitaipiga picha niiweke hapa Ijumaa, leo bando limebaki la kutuma maneno tu.