Maswali na majibu: Tekila iliyokaa sana kwenye pipa inahukumiwaje?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia baa ya hoteli hapa Arusha. Muuzaji ametuletea sampuli mbili za tekila, zote zimeandikwa "extra añejo" na "100% de agave", na bei zake zinakaribiana. Moja imekolea kama chai ya rangi, ni laini, ina utamu na vanila tele. Nyingine ni ya dhahabu hafifu, kavu, na inaacha ukakasi mdomoni. Wenzangu wote wameipenda ya kwanza, mimi nasita. Tunaamuaje kitaalamu? Na je, iliyokaa zaidi ndiyo bora zaidi?

JIBU: Ndugu msimamizi, kusita kwako kuna msingi.

Tuanze na lebo, maana inasema machache kuliko watu wanavyodhani. Daraja la extra añejo liliingizwa kwenye kanuni za Mexico mwaka 2006. Linataka tekila ikae angalau miaka 3 kwenye chombo cha mwaloni kisichozidi lita 600, basi. Halikuambii kama pipa lilikuwa jipya au limeshatumika mara kadhaa, na hilo hubadili kinywaji kuliko mwaka mmoja wa ziada. Mengi ya mapipa hayo hutoka Marekani, ambako sheria inataka wiski ya bourbon ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Wakishalitumia pipa huliuza, na viwanda vya Jalisco, jimbo la Mexico linalotoa tekila nyingi, hulinunua.

Maneno "100% de agave" nayo yanasema tu kwamba sukari yote iliyochachushwa ilitoka kwenye agave, mmea unaotengenezewa tekila. Hayazuii kuongeza karameli ya rangi, gliserini, sharubati ya sukari au dondoo la mwaloni. Kanuni inaruhusu viongezi hivyo kwa jumla isiyozidi asilimia 1 ya uzito, bila kuvitaja kwenye lebo. Ndiyo maana kwenye karatasi yangu ya kuhukumu rangi haina hata alama moja. "Machozi" yanayoteremka kwenye glasi yanavutia wageni, lakini yanakuonyesha kileo na uzito wa kimiminika, si ubora.

Unachotafuta ni kimoja: je, agave bado ipo? Agave ya buluu, binamu wa mkonge wetu wa Tanga, hukaa shambani miaka 6 au zaidi kabla ya kuvunwa, kisha kiini chake hupikwa mpaka inulini yake, yaani minyororo mirefu ya sukari, ivunjike kuwa sukari inayochachuka. Hapo ndipo inapotoka ile harufu ya kiazi kitamu kilichochomwa, yenye pilipili manga, ganda la ndimu na majani mabichi. Mwaloni huleta vanila, nazi na karafuu. (Karafuu hiyo si maneno ya mbwembwe: yujenoli inayonukia kwenye karafuu za Pemba hutoka pia kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa.) Ukinusa ukapata vanila, nazi na karafuu peke yake, umeshika kinywaji ambacho kingeweza kuwa ramu au brandi. Kinaweza kuwa kitamu sana. Kama tekila, kimeanguka.

Kwa hiyo mwombe muuzaji akuletee blanco ya kila mzalishaji, yaani ile isiyopita kwenye pipa. Linganisha namba ya NOM kwenye chupa: hiyo ni namba ya kiwanda, si ya chapa, na chapa nyingi zinaweza kutoka kiwanda kimoja. Onja blanco kwanza. Ukishaifahamu harufu yake, itafute ndani ya ile iliyozeeka. Hatua hii ndogo huzidi kwa mbali mabishano ya kaunta.

Onjeni bila kujua ipi ni ipi. Mtu asiyeonja amimine mililita 15 kwenye glasi nyembamba juu na pana chini, si zile ndogo za kubugia. Kinywaji kiwe na joto la kawaida la chumba. Ukikipoza, harufu hulala na kasoro hujificha. Ndimu na chumvi ziwekwe mbali, na aliyejipulizia manukato asubiri zamu nyingine. Halafu kuna mtego ninaoupenda: weka sampuli moja mara mbili bila kuwaambia. Atakayeipa alama 60 hapa na 85 pale, shukuru kwa ushiriki wake, karatasi yake iweke kando.

Wakati wa kunusa, fungua mdomo kidogo na usizamishe pua. Kileo kitaichoma na hutasikia kitu kwa dakika kadhaa. Harufu kali ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ikizidi, ni kasoro. Funda la kwanza ni la kuzoesha ulimi, usilihukumu. La pili lizungushe mdomoni, liteme, kisha toa pumzi puani. Utamu unaotokana na mbao huja, hukaa kidogo, halafu mdomo hukauka. Utamu wa kuongezwa hung'ang'ania midomoni na mbele ya ulimi hata ladha nyingine zikishaondoka. Hii ni dalili tu; ushahidi uko maabara.

Sasa ule ukakasi wa chupa ya pili. Usiuchanganye na uchungu: ukakasi ni tanini za mwaloni zinazokausha fizi. Ongeza matone machache ya maji, subiri dakika 10, rudia. Agave ikijitokeza na ukali ukitulia, nunua hiyo. Mdomo ukibaki mkavu na ladha ni ya mbao tupu, basi pipa limeimeza.

Hapo ndipo jibu la umri lilipo. Jalisco kuna joto. Mbao hufanya kazi haraka na kinywaji hupungua kwa mvuke mwaka hadi mwaka. Upungufu huo unaeleza bei, hauelezi ubora. Wapo wazalishaji wanaoitoa tekila kwenye pipa na kuihamishia kwenye tangi la chuma cha pua, ili mwaloni usiendelee. Binafsi, mtu akinitajia miaka 8 au 10, huwa nauliza kwanza pipa lilikuwa limetumika mara ngapi.

Kwa maelezo yako naegemea chupa ya pili, ila jaribio la maji ndilo litakalokata shauri. Ya kwanza inaweza kupata wateja wake, hasa wapenda vitamu. Iuze kwa ladha yake, usiwape hadithi ya miaka. Na chupa zote zisimame wima rafuni, kileo kikali kikigusa kizibo cha koki kwa muda mrefu hukiharibu.