Maua ya Kichina yanayopasuka ndani ya fremu

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina picha ya kale ya maua ya peoni, imechorwa China kwa rangi za maji na kuzungushiwa utepe wa hariri wa buluu. Karatasi inapasuka na petali nyeupe zimeingia weusi. Naweza kuinyoosha kwa pasi? – Msomaji, Bwiru, Mwanza.

JIBU: Pasi usiiguse kabisa, tafadhali! Kwa maelezo yako, hiyo si karatasi hasa. Inaelekea ni moyo mweupe wa shina la mmea uitwao Tetrapanax papyrifer, uliozungushwa kwenye kisu kikali ukatoka utando mwembamba. Wachoraji wa Guangzhou waliutumia sana karne ya 19 kwa picha za kuwauzia Wazungu. Ukilowa huvimba, itazame picha kwa pembeni, utaona petali zimeinuka. Ukikauka hunywea, na kwa kuwa kingo zote nne zimegandishwa kwa utepe, hauna pa kukimbilia. Unapasuka. Unyevu wa ziwani ukipokezana na joto la mchana huzidisha tatizo.

Weusi kwa kawaida ni rangi nyeupe yenye madini ya risasi iliyobadilishwa na gesi ya salfa hewani. Si uchafu, usiufute.

Mwambie fundi fremu aweke kadi isiyo na asidi kuzunguka picha, unene wa milimita 3 hivi, ili kioo kisiguse rangi. Selotepu marufuku. Itundike ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Kubandua utepe mwachie mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka.