Bakuli la kigezo kuachia kwenye maungio

Dada, umeuliza kwa nini bakuli la udongo ulilokata kwa kigezo cha boksi (kipande cha boksi cha kufuatishia umbo) linaachia kwenye maungio likianza kukauka. Kigezo hakina kosa. Mviringo ukiukata pengo moja kubwa la umbo la V na kuunganisha kingo zake, unapata umbo la faneli. Ukitaka tumbo la bakuli, kata mapengo manne au matano membamba kuanzia ukingoni, yaishie kabla ya katikati ili kitako kibaki kizima.

Shida iko kwenye kuunganisha. Sukuma udongo uwe na unene wa milimita 6 hadi 8 kote (laza vijiti viwili vya unene huo pembeni, mti wa chapati upite juu yake). Kingo zikate mshazari, zishikane kwa upana zaidi. Zikwaruze kwa uma, paka uji mzito wa udongo uleule, bana, halafu ndani zibia kwa kamba nyembamba ya udongo na uisugue mpaka mstari upotee. Hiyo kamba wengi wanairuka, na ndiyo inayoimarisha maungio.

Halafu upepo. Hapa Dar ukiliacha barazani, mdomo unakauka haraka kuliko kitako, na mvutano huo ndio unaofungua maungio. Lifunike kwa nailoni siku mbili tatu, kisha lilaze mdomo chini, likauke kivulini. Kigezo kikate kikubwa kidogo, maana udongo mwingi husinyaa karibu asilimia 10 mpaka utoke kwenye tanuri.