Niliacha kanisa miaka miwili na nusu nikabaki na mahubiri ya simu: jibu kwa anayeuliza kama kuna ulazima wa kwenda

Mkuu mleta mada, umesema umeokoka, Biblia unasoma, mahubiri unasikiliza kwenye simu, fungu la kumi unatuma kwa simu hiyo hiyo, na kanisani kwenu kumebaki michango, umbea na kuangaliana nguo. Ukauliza: kuna ulazima gani wa kwenda kila Jumapili? Waliokujibu wengi wamekuchapa aya moja wakapita. Mimi nitakujibu kwa kirefu maana hilo swali nimeliishi. Miaka miwili na nusu sikukanyaga kanisani, na sikuwa nimerudi nyuma wala kuanza pombe.

Mimi ni Mlutheri. Nimebatizwa huko, nimepata kipaimara huko, nimeimba kwaya ya vijana mpaka naoa. Kilichonitoa ni kidogo hadi naona aibu kukisimulia. Usharika ulikuwa unajenga, kazi yangu ilikuwa imesimama, ahadi yangu ya ujenzi ikalala. Jumapili moja kwenye matangazo yakasomwa majina ya wanaodaiwa, na kiasi juu. La kwangu lilikuwa la nne. Nilikaa na binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, akanigeukia akauliza kwa sauti yake yote, "Baba, si wewe huyo?" Benchi la mbele wakacheka, wala si kwa ubaya. Ibada ikaisha, nje mnada wa ndizi na kuku ukaanza, nikaupita kama sioni. Mke wangu akaendelea kwenda na watoto. Mimi basi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mitamu, sikufichi. Naamka saa mbili, chai, chapati, simu naiegemeza kwenye chupa ya chai, nachagua mhubiri. Leo wa Nairobi, kesho wa Lagos. Akichosha nasogeza mbele. Akianza habari za sadaka nasogeza mbele. Na nilijifunza: Waraka kwa Warumi niliuelewa pale mezani kuliko miaka yote niliyokaa benchini. Kwa hiyo anayekuambia ukibaki nyumbani utakauka ndani ya mwezi mmoja anakutisha tu.

Kasoro ilijitokeza polepole. Mwaka wa pili niligombana na mdogo wangu kwa ajili ya kiwanja alichoacha marehemu baba. Tukafika pa kutosalimiana. Na kila Jumapili mimi niko pale, naitikia Amina mbele ya chupa ya chai. Yule mhubiri wa Lagos angejuaje? Hata mahubiri ya kusamehe yalipotokea, kidole changu kilijua la kufanya.

Jumuiya yetu ina mzee wa kanisa mmoja mwenye tabia ambayo zamani ilinikera. Anakusalimia, anashika mkono wako, hauachii, halafu anauliza, "Na mdogo wako hajambo?" Kisha anasubiri jibu. Wewe unaweza kuuita umbea. Mimi pia niliuita hivyo.

Umetupiwa sana Waebrania 10:25 hapa, lakini walioitupa wamekata kichwa. Aya ya 24 ndiyo inaanza: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Ndipo inafuata "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine." Tazama, hata enzi zile walikuwepo walioacha, si mambo ya intaneti. Na sababu inayotolewa pale haihusu kusikia mahubiri mazuri. Ni kuangaliana. Kwenu mnaangaliana nguo, sawa, mmekosea cha kuangalia, ila kuangaliana kwenyewe kumeandikwa.

Kuna aliyekutetea na ile ya "walipo wawili watatu", Mathayo 18:20, kwamba wewe na mkeo sebuleni mnatosha. Rudi nyuma aya tano. Habari yenyewe ni ya ndugu aliyekosa: mfuate peke yako, asiposikia chukua mmoja au wawili, asiposikia liambie kanisa. Sasa wewe wa sebuleni, ukikosa nani anakufuata? Na asiyesikia anapelekwa kwenye kanisa lipi?

Nilipokuwa nje nilisoma pia historia, nikitafuta hoja za kujitetea (ndiyo, nilikuwa mtu wa namna hiyo). Nikakutana na Justin Shahidi, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2. Anaeleza Jumapili yao: watu wa mjini na wa mashambani wanakuja mahali pamoja, yanasomwa maandishi ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anaonya, wanasimama kuomba, mkate na divai vinaletwa. Anayejiweza anatoa apendavyo, na mkusanyo unakwenda kwa yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Kumbe michango haikuanza kwenu. Ila kilichonikamata ni sentensi fupi tu: wasiokuwepo, mashemasi wanawapelekea ule mkate na divai. Ili umpelekee mtu sehemu yake lazima kwanza ujue hayupo. Mimi kwa Lagos sikuwahi kukosekana hata siku moja.

Halafu wale wa Abitinae, Afrika ya Kaskazini, nchi inayoitwa Tunisia leo. Mwaka 304, wakati wa Kaisari Diokletiano, mikusanyiko imepigwa marufuku na Maandiko yanatakiwa yasalimishwe, wakakamatwa Wakristo 49 wakiwa ibadani nyumbani kwa mtu, wakapelekwa Karthago. Emeritus, mmoja wao, akaulizwa kwa nini aliruhusu watu wakusanyike kwake. Akajibu kwamba bila ibada ya Bwana hawawezi. Alipoulizwa kama ana Maandiko, akasema anayo, ila moyoni. Hapo nilifunga simu. Mtu ana Neno moyoni, hata serikali haiwezi kumnyang'anya, na bado anaona lazima akae na wenzake kwa gharama ya shingo yake. Mimi nilishindwa kwa sababu ya karatasi ya madeni.

Kuhusu wanafiki sina mengi. Luka 4:16 inasema Yesu aliingia sinagogi siku ya sabato "kama ilivyokuwa desturi yake". Sinagogi la Nazareti, la watu ambao aya chache mbele wanamburuta hadi ukingo wa kilima wamtupe. Alikuwa anasali nao hao hao.

Naomba nikuombe kitu: usirudi kwa ile hoja ya "nani atakuzika?" Najua huku kwetu ndiyo inayotembea kuliko zote, na ni kweli asiyejulikana jumuiya msiba wake huwa na mizunguko. Lakini hiyo inageuza kanisa kuwa bima ya mazishi. Unalipia kwa kuhudhuria, unadai ukiwa kwenye jeneza. Mtu wa hivyo anakaa benchini miaka arobaini na hajawahi kumjua jirani yake.

Mimi nilirudishwa na binti. Alianza mafundisho ya kipaimara, mzazi akatakiwa, mke wangu akasema zamu hii ni yako. Nikaenda ibada ya kwanza ili nisikutane na wengi. Aliyesoma majina alikuwa ameshahama, na hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo. Nilidhani nitalihitaji hilo. Sikulihitaji sana.

Benchi langu la zamani, la tatu upande wa madirisha, alikuwa amekaa babu mmoja, fundi cherehani mstaafu. Miaka yote tulikaa pamoja pale bila kuzoeana, ni shikamoo na marahaba tu. Nikasema shikamoo. Akakaa kimya kidogo, akainamisha sikio. "Sema tena." Nikarudia. Akasema, "Wewe ndiye uliyeondoka na nyimbo zangu."

Sikumwelewa mpaka wimbo ulipoanza. Akafungua kitabu, akakishika vizuri kabisa, lakini macho yako ukutani. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mimi tangu kwaya nina tabia mbaya ya kuwahi, naanza mstari kabla wenzangu hawajafika, mwalimu alikuwa ananigombeza kila siku. Babu alikuwa anaudaka ule mstari wangu, anauimba nyuma yangu nusu neno. Hakuwahi kuniambia. Nilipoondoka akabaki na zile anazozijua tangu utoto, nyingine anaguna tu mpaka kiitikio.

Nilikaa kwenye kile kiti miaka yote nikidhani mimi ndiye ninayepokea, na nilipokasirika nikapiga hesabu: mahubiri nitayapata kwingine, sadaka nitatuma, basi tumemalizana. Kwenye hesabu yangu babu hakuwemo. Na wewe mkuu hesabu yako nimeisoma mara mbili, yote ni unachopata na usichopata. Umeshawahi kuangalia nani anakaa pembeni yako?

Kama usharika huo umekuumiza kweli, au mchungaji anafanya biashara, hama. Kuhama si kuacha. Kama kazi yako ni ya zamu, mlinzi, nesi, dereva wa malori, hakuna wa kukuhukumu: kuna ibada ya kwanza, kuna jumuiya alfajiri ya Jumamosi kwenye nyumba za watu, na ukiumwa una haki ya kuletewa Chakula cha Bwana kitandani kama wale wa Justin. Mahubiri ya simu endelea nayo, mimi bado nasikiliza nikiwa kwenye foleni ya daladala.

Na mdogo wangu tumeshapatana. Ilichukua Jumapili tano za kushikwa mkono na yule mzee.

Babu naye mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. Sasa anasoma mwenyewe, amenunua na miwani. Jumapili iliyopita katikati ya ubeti wa tatu akanisukuma kiwiko, akaniwekea kidole kwenye mstari: kumbe miaka yote nimekuwa nikimwimbisha neno ambalo halimo.